KHASARA YA SAKITU NI JUU YA NANI?

Mvua, jua na baridi vyote vi katika amri ya Mola, wala hapana mkulima aliyepewa ufunguo wake. Jambo hili kulla mtu hulikiri kwa ulimi. Walakini siku ya khasara ndipo ijulikanapo kama amelikiri kwa moyo, na kama walao mboga zake wamelikiri pamoja naye. Basi suala ni hili: mbingu ikiharibu mazao ambayo watu wamekwisha kuyatumai, ni haki nani aibebe khasara hiyo?

Mfano wake na utwaliwe katika nchi za baridi za Ulaya. Huko majira ya rabii, ndiyo machipuko, hayana mwamana. Mwezi wa Machi na Aprili jua huweza kuwaka siku kadha wa kadha, ardhi ikapata joto na mimea ikachanua. Kisha usiku mmoja mbingu hutakata, upepo hutulia, joto la ardhi hupanda likapotea, na asubuhi majani yamefunikwa na sakitu, yaani barafu nyembamba kama unga. Kabichi na njegere hustahimili baridi ndogo. Ama nyanya, maharagwe na maboga hufa. Mwaka 2021 katika Ufaransa, mwisho wa Machi joto lilipita desturi, kisha Aprili ikaja sakitu kali ikaunguza mizabibu na miti ya matunda. Na Wajerumani wana siku zao mashuhuri, tangu 11 mpaka 15 Mei, ambazo wakulima wengi hungoja zipite ndipo watoe nje miche laini.

Mwenye shamba dogo la mboga yu baina ya khatari mbili. Akipanda mapema, huenda akapoteza miche yote kwa usiku mmoja. Akichelewa, wenziwe humtangulia sokoni, naye akafika bei imekwisha kushuka. Mbegu amenunua, vibarua amewalipa. Mwenye mashamba mengi, khasara ya moja hufidiwa na faida ya jingine. Yeye jingine hana.

Wanazuoni waliliona jambo hili zamani. Walikataza kuuza zao kwa sharti la kuliacha shambani kabla haijadhihiri kuwa linafaa, asije mtu akala mali ya nduguye pasipo badali. Wakaruhusu biashara ya salam: thamani hulipwa pale pale, na kitu hutajwa sifa yake, kipimo chake na muda wake, kikawa deni juu ya muuzaji, wala hakifungwi na bustani moja makhsusi, kwani hiyo huweza kuharibika. Ama matunda yaliyouzwa na kukabidhiwa yangali mtini, kisha yakapatwa na afa, maimamu walikhitilafiana. Imam Shafi'i katika kauli yake mpya alisema khasara ni ya mnunuzi, na muuzaji kumpunguzia ni jambo lipendezalo. Imam Malik alisema ikifika thuluthi, mnunuzi hana budi apunguziwe. Basi tazama: hapana aliyemwacha mwenye msiba peke yake, mmoja alimwangalia kwa ihsani, na mmoja kwa wajibu.

Huko Marekani, mwaka 1986, shamba la Indian Line katika Massachusetts na la Temple-Wilton katika New Hampshire yalianza mwendo mwingine: majirani hutoa gharama za kilimo kabla ya msimu, kisha hugawana kitokacho. Mwaka wa neema vikapu hujaa, mwaka wa sakitu hupungua. Mwenye kutoa fedha akikusudia kununua kiasi maalumu cha mboga za shamba lile, amejitia katika gharari. Lakini wakikusudia kushirikiana katika gharama na katika matokeo, kwa maneno ya wazi tangu mwanzo, hapo wamekaribia ushirika, na khasara imepata mabega mengi ya kuichukua.

Walakini ushirika huo hausimami ila kwa uaminifu wa pande mbili. Mkulima aliyepata khabari ya baridi, akaiona mbingu imetakata, naye ana nguo za kufunikia miche, kisha akalala, khasara yake asiiite kadari ya Mungu ili awatupie wengine. Huo ni uzembe wake, nao ni dhamana juu yake. Na mlaji afurahiye kikapu kilichojaa, kisha akateta mwaka wa upungufu, huyo hakutaka ushirika. Alitaka faida tu, na khatari amwachie mwenziwe.

Basi jawabu ni hili. Lililoletwa na uzembe ni la mzembe. Lililoletwa na mbingu, baada ya mtu kufanya ajuavyo na awezavyo, si haki limwangukie aliyepanda peke yake, ikiwa wengine walikuwa tayari kula pamoja naye. Nao na waagane hayo kabla ya mbegu kuingia ardhini, kwani baada ya sakitu kulla mtu huona haki upande wake. Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.