Ukiwa Salama, Utasema?

Wapendwa, aliyenusurika anadaiwa nini na waliobaki motoni?

Mwaka wa 1940 Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Hitler, Jacques Maritain, mwanafalsafa Mkatoliki, alikuwa Marekani. Angefundisha tu, anyamaze. Lakini aliandika kitabu kilichosambazwa kwa siri kwao, akazungumza na watu wake redioni, akawatetea Wayahudi, kabila la mkewe Raïssa. Mwaka wa 1945 akakubali kuwa balozi Vatikani, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye vitabu.

Wengine wetu husema, "Siasa ni uchafu, sisi tuombe tu." Sawa, tuombe. Lakini Esta alifunga siku 3, kisha akasimama mbele ya mfalme. Usalama si kitanda cha kulalia, ni deni. Jirani anaonewa; wewe unangoja nini?