Ukweli Unaolipiwa na Matangazo

Je, ukweli unaweza kuwa huru ikiwa anayegharamia kusemwa kwake ana haja nyingine kabisa? Swali hili huulizwa kana kwamba linahusu tabia ya mwandishi tu: ni mwaminifu, au amenunuliwa? Naamini linahusu zaidi idadi ya wanaolipa. Gazeti lenye watangazaji mia linaweza kumuudhi mmoja na kesho likachapishwa. Lenye watangazaji wawili haliwezi. Na idadi hiyo haiamuliwi na dhamiri ya mhariri, bali na hali ya uchumi wa nchi.

Uchumi unapodorora, matangazo ndiyo matumizi rahisi zaidi kukata, maana kodi ya jengo na mkopo wa benki vina mkataba, tangazo la mwezi ujao halina. Ndiyo sababu mwaka 2009 matumizi ya matangazo duniani yalishuka kwa kasi zaidi kuliko uchumi wenyewe, na mwaka 2020, Korona ilipofunga biashara, vyombo vikubwa vya habari Kenya vilipunguza mishahara. Lakini upungufu wa fedha ni nusu tu ya madhara. Wenye maduka na viwanda wakijitoa, sauti ya wanaobaki huwa nzito zaidi, na Kenya waliobaki na uzito huo ni serikali na kampuni za kamari. Mwaka 2017 serikali iliamua kuelekeza matangazo yake kwenye jarida lake la MyGov; Machi 2024 ikaagiza matangazo ya redio na runinga ya taasisi zake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisitishwa kwa siku 30 ili kuwakinga wananchi, hasa vijana, na vyombo vinavyopaswa kuwaonya vijana hao vikawa miongoni mwa waliopoteza mapato. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo: chombo hujikuta kikinufaika na jambo lile lile kinalowajibika kulichunguza.

Kuna atakayejibu kwamba mwandishi mwadilifu husimama imara hata njaa ikimbana. Wapo wa namna hiyo, na wanastahili heshima. Hata hivyo, jamii inayohitaji shujaa kila asubuhi ili ijue kinachotendeka haijajengwa kwa haki. Isitoshe, shinikizo hili mara nyingi halihitaji amri. Linatosha kumfanya mhariri asimtume mwandishi kufuatilia habari fulani, na habari isiyofuatiliwa haiachi ushahidi wa kuzimwa. Mwingine atasema basi wasomaji walipe wenyewe. Nakubali kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini ugumu ule ule unaomfukuza mtangazaji humfukuza na msomaji, na habari zikiuzwa kwa wenye uwezo pekee, maskini huachiwa uvumi.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kutambua kwamba fedha za matangazo ya serikali ni kodi ya wananchi, wala si hisani ya wakubwa. Zigawanywe kwa vigezo vilivyotangazwa: idadi ya wanaofikiwa, lugha wanayoielewa, eneo wanaloishi. Tanzania ilipiga hatua mwaka 2023 ilipomwondolea kwa sheria Mkurugenzi wa Idara ya Habari mamlaka ya kuratibu matangazo ya serikali. Wajibu wa pili ni wa vyombo vyenyewe: kueleza hadharani mapato yao yanatoka kwa nani na kwa kiasi gani, ili msomaji ajue kimya kipi akitilie shaka. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaikataza dola kumwadhibu mtu kwa alichochapisha, lakini adhabu inayopitia bajeti ya matangazo ni vigumu kuithibitisha mahakamani. Anayethamini uhuru wa habari hana budi kuuliza pia nani anaulipia, na kuuliza kwa ukali zaidi wakati wa ukata.