Kipimo cha Haki katika Saa za Kazi

Kijana mmoja aliyeajiriwa katika kampuni kubwa ya ushauri wa kompyuta aliniletea swali. Alisema: "Sheikh, wiki hii nimefanya kazi saa 55, lakini msimamizi ameniambia niandike 40. Nikiandika hivyo, je, nimetenda dhambi, na hali nimejidhulumu mwenyewe tu?"

Kwanza yatupasa kuielewa biashara yenyewe. Makampuni ya namna hii hayauzi nguo wala chumvi. Huuza saa za watu wao. Kila mfanyakazi hujaza hesabu ya saa zake, akionyesha amemtumikia mteja gani na kwa muda gani. Mteja akiisha ahidiwa bei maalumu, kila saa inayozidi makadirio hupunguza faida, na lawama humwangukia msimamizi. Naye asiye na mteja husemwa kuwa yuko benchi. Mwezi Juni 2025 kampuni ya India iitwayo Tata Consultancy Services, iliyoanzishwa mwaka 1968, iliweka kanuni kwamba kila mfanyakazi awe na siku 225 kwa mwaka zinazolipiwa na wateja, na siku za benchi zisizidi 35. Kanuni hiyo haimwamuru mtu kusema uongo. Lakini popote mtu apimwapo kwa hesabu, hesabu yenyewe huwa kishawishi: mmoja huongeza saa ili asionekane mvivu, na mwingine hupunguza ili ampendeze mkubwa wake.

Kwamba kuongeza ni wizi, hapana abishaye. Huko Marekani sheria ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wafanyabiashara waliolipunja jeshi, hutumika hata leo juu ya wanaoidai serikali malipo ya saa zisizofanyiwa kazi.

Lakini kupunguza je? Huenda ukasema kwamba hiyo ni sadaka. La, sivyo. Sadaka hutolewa katika mali yako, na ushahidi si mali yako. Saa 15 zilizofichwa hazipotei. Makadirio ya kazi ijayo yatajengwa juu ya zile 40. Mteja mwingine ataahidiwa 40. Na mfanyakazi mwingine atapewa saa 40 kwa kazi ya saa 55. Akishindwa ataitwa mzembe, na shahidi dhidi yake ni maandishi yako. Nilipomweleza kijana yule hayo, alikumbuka kwamba makadirio ya kazi yake mwenyewe yalitokana na hesabu za mtu aliyemtangulia.

Sura ya 83 ya Kurani Tukufu huwakemea wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na kupunguza wanapowapimia wengine. Mwajiri anayepokea saa 55 na kukiri 40 na ajitazame katika kioo hicho.

Basi huenda mtu akajibu: "Nimeamrishwa, nami nina watoto wa kulisha." Neno hili si la kudharauliwa. Hapana shaka mwenye nguvu ya kuamrisha hubeba sehemu kubwa ya dhambi. Hata hivyo, mkono ulioandika ni wako. Nilimshauri kijana aandike 55, kisha amwendee msimamizi kwa adabu na kumwambia: "Kampuni ikipenda, na imsamehe mteja saa 15; hiyo ni hiari yake. Lakini mimi siwezi kushuhudia kwamba hazikuwapo."

Mtu aweza kuuza saa zake kwa halali, na hakuna aibu ndani yake. Ulimi wake wa kweli hauuzwi, wala hauna bei. Mwenyezi Mungu atujalie kupima kwa haki, tunapotoa na tunapopokea. Amin.