Je, Yafaa Mkristo Kutazama Magofu ya Kilwa?

Wako Wakristo hapa Itigi waulizao: yatufaa nini kupanda gari la moshi mpaka pwani, kisha kusafiri hata Kilwa Kisiwani, ili kutazama msikiti uliobomoka? Mtume Paulo alipokuwa Athene aliyatazama mambo waliyoyaabudu Wayunani, akasoma hata maandishi ya madhabahu yao, ndipo aliponena. Basi kutazama si kuabudu. Tena Kilwa yatuhusu kuliko tupendavyo. Mwaka 1331 Ibn Battuta aliuona mji ule, akausifu uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno, watu wa dini yetu, waliushambulia wakateka nyara. Avaaye msalaba, asimamapo leo chini ya kuba zile za matumbawe, asiulize kama waliozijenga walikuwa makafiri. Na aulize nyara zile zilikwenda wapi.