Mlima Unapoomba Hadhi

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa ndivyo, ndugu msomaji, kwa nini mlima uombewe kutambuliwa? Ol Doinyo Lengai ndiyo volkeno hai pekee duniani inayotoa lava yenye magadi mengi. Hutoka nyeusi, na ikishapata unyevu hugeuka nyeupe. Je, ajabu hiyo haijajiuza yenyewe?

Naam, hadhi ya jiopaki haiji pasipo kuombwa. UNESCO, iliyouanzisha mpango huu rasmi mwaka 2015, hutaka kwanza barua ya kusudio, kisha maombi kamili yenye maelezo ya miamba, ramani na mpango wa uendeshaji. Wakaguzi hufika kujionea kwa macho, baraza la wataalamu hupima, na Halmashauri Kuu ya UNESCO huidhinisha. Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, yenye karibu kilometa za mraba 12,000 katika wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli, ilikubaliwa mwaka 2018, ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara.

Linalonifikirisha katika masharti hayo ni kwamba jiwe lenyewe ni sharti moja tu. Mwombaji huulizwa pia: Nani anasimamia, na kwa sheria ipi? Wakazi wameshirikishwa? Wanafundishwa nini? Watapataje riziki? Tena eneo lazima liwe limeendeshwa kama jiopaki kwa mwaka mmoja kabla ya kuomba. Yaani heshima haitolewi ili mtu aanze kutenda wema. Hutolewa kwa aliyekwisha kuanza. Na kila baada ya miaka minne ukaguzi hurudiwa: kadi ya kijani huongeza miaka minne, ya njano hutoa miwili ya kujirekebisha, nyekundu huondoa hadhi.

Wapo watakaosema jiwe ni jiwe, na njaa haingoji cheti. Hawa siwabezi. Huku kwetu Dar es Salaam, pale Kunduchi Mtongani, akina mama wamegonga kokoto kwa nyundo miaka mingi. Mawe yale ni matumbawe ya bahari ya kale, lakini kwa mama anayeyagonga ni unga na ada ya shule. Ukimtaka ayahifadhi bila kumwonyesha atakula nini, unamwomba awe mlinzi wa mali isiyo yake. Hapana mtu alindaye kwa moyo kitu kinachomfukuza mezani.

Ndipo tunapofika penye uzito. Tangu Juni 2022 familia za Wamaasai zimekuwa zikihama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali husema wanahama kwa hiari, na kwamba watu na mifugo wameizidi hifadhi. Wengine husema hiari hiyo imebanwa hadi ikakosa jina. Sikai kitini pa hakimu. Nasema tu kwamba fomu ya maombi ilitaja wakazi kuwa nguzo ya jiopaki, na neno lililoandikwa ili kupata heshima ni ahadi, si pambo. Methali yetu nyingine husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Haikusema mgeni njoo, mwenyeji apishe.

Laetoli, ndani ya eneo hilohilo, zipo nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkeno miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey. Tunazifukia ili zisiharibike, na tunafanya vyema. Lakini itakuwa ajabu kupita ile ya Lengai tukizienzi nyayo za waliopita na tusiulize miguu ya waliopo inaelekea wapi.

Mlima hauombi chochote. Wanaoomba ni sisi, na tunachopimwa si mlima.