Saa za Mja na Daftari Lake

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanavyuoni na wanafalsafa tangu kale limo hili: mja, ambaye hakujipa uhai wala haujui ukomo wa ajali yake, ana haki gani juu ya saa zake, na hesabu ya saa hizo imempasa kuitoa kwa nani? Aghalabu hudhaniwa kuwa swali hili ni la watu wa vyuo. Lakini mtu akaaye Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, akaandika programu nyumbani kwake kwa ujira wa saa, hana budi kulijibu kila jioni.

Zana mojawapo ya kazi hiyo ni Org, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Amsterdam. Ni daftari la maandishi matupu, lisomekalo hata pasipo programu yenyewe. Kila kazi huandikwa kwa kichwa kilichotanguliwa na nyota. Mwenyewe aanzapo huiamuru saa ianze, na chini ya kichwa kile hujiandika tarehe, siku na dakika. Aachapo, hujiandika dakika ya mwisho pamoja na jumla yake. Tena, ikiwa ameiagiza hivyo, programu humwangalia: akiondoka bila kuisimamisha saa, arudipo humwuliza dakika zile za kutokuwapo zihesabiwe kazini au ziondolewe. Hapo hapana mnyapara wala karani. Mwulizwa ni yeye, na mjibu ni yeye.

Kuhesabiwa saa si jambo geni katika nchi ile ya Thika, yenye katani, kahawa na mananasi. Sheria ya kipande, yaani hati ya kusajiliwa, ilitungwa na wakoloni mwaka 1915, na ilipotiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuichukua hati hiyo, ambayo aghalabu ilining'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Vibarua wengi wa mashamba ya walowezi walifungwa kwa tikiti ya siku 30 za kazi, ambayo kila siku ilitiwa alama na mkono wa mwajiri. Na sheria ya mwaka 1918 ikawalazimisha wakazi wa mashamba hayo kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Siku isiyotiwa alama, hata kama mtu aliimaliza kwa jasho, katika hesabu haikuwako. Mwanasiasa Harry Thuku wa Kiambu alipoinua sauti mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa dhuluma alizozilalamikia.

Kwa hiyo yule asemaye kwamba kuandika saa ni utumwa hasemi upuuzi. Ana ushahidi wa babu zake. Lakini na tutazame tofauti iliyopo. Tikiti iliandika siku, haikuandika tendo. Ilikuwa mkononi mwa mlipaji, na aliyeziishi siku hizo hakuwa na kalamu. Katika daftari nililolieleza, tendo hutangulia na saa hufuata chini yake. Mpangilio huu unaafikiana na hoja ya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969, akitumia ushahidi wa lugha za Kikamba na Kikikuyu, alishikilia kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati haukuwa chombo kitupu kinachongoja kujazwa, bali ulikuwa matukio yenyewe, na kwamba mtu aliuumba wakati wake kwa matendo.

Walakini haitoshi kalamu kuwa mkononi mwako, maana mwenye kalamu aweza kujidhulumu na kuwadhulumu wengine. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara aliyekabidhiwa umri kuwa rasilmali: huwekewa sharti asubuhi, huangaliwa mchana, na jioni huketishwa ikatoa hesabu ya faida na hasara. Mkristo naye, asomapo Zaburi ya 90, huikuta dua ya kuomba kufundishwa hesabu ya siku ili moyo upate hekima. Haombi kufundishwa hesabu ili aongeze mali. Katika dini zote mbili umri ni amana, na amana huhesabiwa kwa ajili ya mwenyewe aliyeiweka.

Basi lile swali dogo la programu, la dakika zihesabiwe au ziondolewe, ni mtihani wa dhima. Akizitia dakika za kutokuwapo katika ankara ya mteja aliye mbali, ameiba, ijapokuwa hapana jicho lililomwona. Na akizihesabu kuwa hasara saa alizokwenda kumzika jirani au kumwuguza mzazi, kwa sababu hazikuleta ujira, ameikosea hesabu kwa upande wa pili, nalo ni kosa kubwa zaidi, kwani amekubali mlipaji awe ndiye mwenye umri wake.

Ewe msomaji, andika saa zako, uziandike kwa kweli, na daftari liwe lako. Umwoneshe mwajiri zile alizozilipia, wala usimpunje. Zilizosalia zisome mwenyewe kila usiku mbele ya Mola wako, kwa kuwa hizo nazo utaulizwa.