Uongo wa Nukta

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: kila uongo ni dhambi?

Bibi yangu alipofariki, tulimpelekea fundi picha yake iliyopigwa kwa simu, aikuze tuitundike sebuleni. Yeye akaona bibi ni mweusi mno, akamng'arisha. Picha ilipotoka, lo! Shavu limejaa mistari kama ngazi. Kumbe picha ya JPEG ina hatua 256 tu kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Ukivuta sehemu za giza ziwe nyeupe, hatua zile chache zinaachana, mapengo yanaonekana.

Nikamwambia fundi, "Umemsingizia bibi." Akacheka. "Mdogo wangu, hata printa inadanganya. Hii ina wino wa rangi nne tu. Zilizobaki ni nukta, jicho linajichanganyia lenyewe."

Kweli kabisa. Lakini nukta hudanganya jicho ili limwone bibi alivyokuwa. Fundi alidanganya ili limwone asivyokuwa. Hapo ndipo penye mpaka, naona mimi.

Tukamrudishia weusi wake, na mistari ikaisha. Sasa sisi watunzi wa hadithi, nukta zetu zinamwonyesha nani?